Upungufu ulioandikwa na upungufu uliofichwa

Abiria wa visiwani si mtu wa kudanganywa kwa urahisi. Amezaliwa karibu na chombo, amekulia karibu na chombo, na kabla hajatia mguu wake ndani ya jahazi huangalia kwanza kalafati yake, tanga lake na mzigo wake. Kwa hivyo hatukustaajabu tulipokuwa katika kiwanja kimoja cha ndege, tukielekea kupanda jeti ndogo ya safari za hapa na pale, na mzee mmoja aliyetutangulia akasimama karibu na bawa, akainua bakora yake na kuuliza: "Mwanangu, hapa pana pengo. Kilichokuwapo kimekwenda wapi?"

Mzee alikuwa akionyesha mahali palipokosa kifuniko, ukubwa wake kama sahani ya chakula. Kijana wa kampuni aliyekuwa akiwapanga abiria alimjibu kwa mkato: "Mzee, panda. Hayo si yako." Mzee hakupanda, na wengine kadhaa wakarudi naye. Ndege iliruka, ikafika salama, na jioni ile barazani zikazungumzwa habari mbili zinazopingana. Wako waliosema kwamba tunarushwa angani kwa magari mabovu. Wako waliosema kwamba mzee yule ni mshamba asiyejua mambo ya kisasa.

Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zimekosea. Mzee aliuliza suali la haki, na jibu la haki lilikuwapo, lakini aliyepaswa kulitoa hakulitoa. Jambo hili ni kubwa kuliko ugomvi wa siku moja kiwanjani, kwa sababu linagusa imani ya wananchi kwa chombo ambacho visiwa vyetu haviwezi kuishi bila ya kukitegemea. Ndiyo maana leo tumeona ni wajibu wetu kulieleza.

Ndege ni chombo kilichoundwa kwa maelfu ya vipande. Viko vipande ambavyo ni roho ya chombo: mihimili ya mabawa, mikono inayogeuza usukani, na maungio ya mkia. Kikikosekana kimoja katika hivyo, ndege haisogei hata hatua moja. Lakini viko vipande vya nje ambavyo kazi yake ni kusaidia tu: vifuniko vya kuwawezesha mafundi kuyafikia mabomba na nyaya, magamba yanayofunika reli za mabawa madogo yanayoteremshwa wakati wa kutua, vipande vya mpira vya kuziba nafasi za maungio, na vijiti vyembamba kwenye ncha za mabawa na mkia, ambavyo hutoa umeme unaojikusanya katika mwili wa ndege inapopita mawinguni.

Viwanda vilivyounda jeti za namna hii, kama Embraer wa Brazili na Bombardier wa Kanada, viliviangalia vipande hivyo kimoja kimoja, vikapima nini kitatokea kikikosekana, na matokeo yake yakaandikwa katika orodha inayopitishwa na mamlaka ya anga inayoithibitisha ndege hiyo. Orodha hiyo ni sehemu ya kitabu cha ndege chenyewe, na hueleza kwa nambari na kwa picha kipande gani kinaweza kukosekana na kwa masharti gani. Iko orodha nyingine, iliyo ndugu yake, inayohusu mitambo na vyombo vya ndani kama taa, pampu na redio. Zote mbili zina kanuni moja ya msingi: kilichoandikwa kina ruhusa yenye masharti, na kipande cha nje kisichoandikwa hakina msamaha, lazima kiwepo.

Kwa hivyo yamkini kijana yule angeweza kumwambia mzee: "Kifuniko hiki kimo katika orodha. Kimeandikwa katika daftari la ndege, rubani anajua, na mzigo umepunguzwa kwa ajili yake." Maneno hayo hayazidi pumzi mbili. Yangemwezesha mzee kukata shauri lake kama mtu mwenye akili, badala ya kusukumwa kama gunia.

Wala tusidhani kwamba ruhusa hii ni hila ya wafanyabiashara. Ni ruhusa yenye busara ndani yake, na wananchi wa visiwani ndio wa kwanza kufaidika nayo. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili hangoji kifuniko kisafiri kutoka Kanada. Mwanafunzi anayewahi mtihani na mfanyabiashara mwenye samaki kwenye barafu hawawezi kukaa siku nne kwa ajili ya kijiti kimoja kilichovunjika kwenye ncha ya bawa, na hali wataalamu walikwisha kupima na kuona kwamba vijiti vilivyobaki vinatosha. Kama kila jeti ingezuiliwa kwa kila kipande kidogo, bahari ingetugeukia kuwa ukuta.

Lakini busara hiyo imefungwa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo tunayotaka kila msomaji ayajue. Kwanza, upungufu huandikwa katika daftari la ndege. Pili, tangazo dogo hubandikwa katika chumba cha marubani, mahali ambapo macho yatalifikia, likieleza mipaka inayotokana na upungufu huo. Tatu, rubani mkuu huarifiwa kabla ya kila safari, siyo mara moja tu. Nne, katika mfumo mmoja wa ndege haukubaliwi upungufu wa vipande viwili, isipokuwa pale orodha yenyewe inaporuhusu. Tano, kipande kikidondoka angani, ndege haiondoki katika kiwanja ilichotua mpaka irudi ndani ya mipaka ya orodha.

Sharti la sita ni lile la uzito, nalo tunataka kulieleza zaidi, kwa kuwa ndilo linalowagusa abiria moja kwa moja na ndilo linaloleta manung'uniko. Mwili wa ndege umesawazishwa ili upepo upite juu yake bila ya kukwama. Penye pengo, upepo hukwaruza, na ndege huvutwa nyuma. Mvuto huo ni mdogo, lakini wakati wa kupaa, injini moja ikizimika, rubani anahitaji kila chembe ya nguvu ya ile iliyobaki. Kwa hivyo kitabu humwambia: kwa kipande hiki, punguza kilo kadha wa kadha. Na katika miezi ya kaskazi, joto linapokuwa kali na hewa inapokuwa nyepesi, hesabu hiyo huwa nzito zaidi. Masanduku yaweza kubakia kiwanjani, pengine na abiria pia.

Tumewahi kuwaona watu wakiwatukana wafanyakazi kwa sababu ya masanduku yaliyobaki. Tunawaomba wafikiri tena. Sisi watu wa visiwa hivi tuna kumbukumbu isiyofutika juu ya jambo la uzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakiwa watu na mizigo kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Usiku ule hakupatikana mtu wa kusema "basi" na akasikilizwa. Anayesema "basi" leo, akaacha sanduku lako nyuma kwa sababu kitabu kimemwambia hivyo, hakukudhulumu, amekulinda. Unayo haki ya kuelezwa sababu na kupelekewa sanduku lako kwa chombo kitakachofuata. Huna haki ya kumlazimisha avunje hesabu.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika muda. Katika orodha ile ya mitambo ya ndani, upungufu hupangwa kwa makundi: vingine lazima vitengenezwe ndani ya siku 3, vingine siku 10, na vingine siku 120, na vingine hupewa muda wake maalum. Saa inakwenda, na siku ikifika, ndege husimama. Lakini orodha ya vipande vya nje, kwa kawaida, haina saa ya namna hiyo. Hueleza masharti ya kuruka bila ya kifuniko, isieleze mpaka lini. Aliyeitunga alitegemea kwamba mwenye ndege ni mtu mwaminifu, atakayekileta kipande mara tu atakapoweza.

Hapo ndipo uzembe unapopata mlango. Leo kifuniko hakipo, fundi anaandika. Kesho kipande cha mpira kimechanika, anaandika. Keshokutwa pesa za vipuri zimekwenda kulipia jambo jingine. Mwezi unakwisha, rubani amelizoea lile tangazo lililobandikwa mbele yake kama mtu anavyoizoea picha ya ukutani, na kilichokuwa ruhusa ya dharura kimegeuka kuwa hali ya kawaida. Hakuna aliyevunja sheria kwa siku moja yoyote, lakini chombo kimechakaa mbele ya macho ya watu wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani hapana nafasi ya kujenga ukuta.

Historia ya usafiri wa anga imetupa mafunzo matatu juu ya vitu vidogo vya nje, na kila moja lina wa kuelekezwa kwake.

Funzo la kwanza ni la mafundi na wasimamizi wao. Tarehe 11 Septemba, 1991, ndege ya abiria ya aina ya Embraer Brasilia, inayokwenda kwa mapanga, ilikuwa ikielekea Houston, Texas, kutoka Laredo. Usiku uliotangulia, karakanani, mafundi wa zamu ya jioni walianza kazi kwenye ukingo wa mbele wa mkia. Parafujo 47 za upande wa juu wa kushoto zilitolewa. Zamu ikabadilika, na walioingia hawakuandikiwa wala kuambiwa kwamba upande ule umefunguliwa. Wakashughulika na upande wa kulia, wakamaliza, na ndege ikatolewa. Asubuhi iliruka safari moja salama. Katika safari ya kurudi ukingo ule ulichomoka, ndege ikavunjika angani, na watu wote 14 waliokuwamo wakafariki.

Na tuangalie vizuri. Parafujo zile hazikuonekana kwa abiria, wala rubani hangeweza kuzihisi wakati wa kupaa. Safari ya kwanza ilifika salama, na kufika kwake salama hakukuthibitisha chochote. Tunalisema hili kwa sababu tumesikia hoja hii mara nyingi: "Mbona jana iliruka vizuri?" Jana si ushahidi. Ushahidi ni daftari. Fundi anayetoa parafujo moja asiandike, na fundi anayeandika parafujo zote zilizokosekana, wote wawili wametoa ndege yenye upungufu. Lakini wa pili ametoa upungufu unaojulikana, na wa kwanza ametoa mauti.

Funzo la pili ni la abiria, na limetoka kwa watu wa visiwani kama sisi. Tarehe 28 Aprili, 1988, ndege ya Boeing 737 ya kampuni ya Aloha ilikuwa ikisafiri kutoka Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa na watu 95. Ilikwisha kuruka zaidi ya mara 89,000, safari fupi fupi kutoka kisiwa hadi kisiwa, katika hewa ya chumvi. Ikiwa angani, sehemu kubwa ya paa la mbele ilibanduka. Mhudumu mmoja alirushwa nje akapotea, na marubani, kwa ushujaa wa ajabu, wakaitua ndege katika kisiwa cha Maui. Uchunguzi ulikuta uchovu wa chuma na kutu katika maungio. Ulikuta pia kwamba abiria mmoja, alipokuwa akipanda, aliuona ufa karibu na mlango, lakini hakumwambia mtu.

Hatumlaumu abiria yule. Pengine alidhani wenye kazi yao wanajua. Lakini tunauliza: kama angesema, angejibiwa vipi? Kama angejibiwa "panda, hayo si yako," basi kimya chake na maneno yake yangekuwa sawa. Ndiyo maana jibu la kijana wetu wa kiwanjani limetuuma. Hakumvunjia heshima mzee mmoja tu; amewafundisha abiria wote waliosikia kwamba mara nyingine wanyamaze.

Funzo la tatu ni la wanaosimamia viwanja. Tarehe 25 Julai, 2000, mjini Paris, ndege ya Concorde ilipokuwa ikikimbia kupaa ilikanyaga ukanda wa chuma wenye urefu wa kiasi cha sentimita 43. Tairi likapasuka, vipande vyake vikaipiga tangi ya mafuta, moto ukawaka, na watu 109 waliokuwamo pamoja na 4 waliokuwa chini wakafariki. Ukanda ule ulikuwa umedondoka kutoka ndege nyingine ya aina ya DC-10, iliyoruka dakika chache kabla. Kwa ile DC-10 ulikuwa upungufu mdogo wa nje, na iliendelea na safari yake salama. Basi kipande kikikosekana katika ndege iliyotua, suali la kwanza lisiwe tu kama ndege hiyo inaweza kuendelea. Suali liwe pia: kimeangukia wapi? Kipande hakipotei. Kimelala mahali, na huenda kimelala njiani kwa mwingine.

Tukirudi nyumbani, tunasema kwamba visiwa vyetu vina sababu zaidi za kuwa waangalifu. Chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana, na kichwa cha parafujo kilichokuwa kikingʼaa mwezi uliopita huota kutu mwezi huu. Safari zetu ni fupi, na kila kupaa na kutua kwahesabika katika umri wa chombo. Vipuri vya jeti havitengenezwi hapa. Hutoka ngʼambo na kupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia fundi. Na mara nyingi ndege ni chache kuliko safari, kwa hivyo ikisimama moja, ratiba nzima huyumba, na simu huanza kulia kwenye meza ya fundi.

Simu hizo ndizo tunazotaka kuziongelea kwa uwazi. Tunawaambia ndugu zetu viongozi wa Chama na Serikali, bila ya kuwaficha, kwamba wako miongoni mwetu wanaodhani cheo kinaweza kufanya kazi ya parafujo. Mkutano unangoja, ugeni unangoja, na mtu mzito anatuma salamu kwamba ndege iondoke. Fundi aliyeajiriwa juzi ana watoto wa kulisha. Tukimwekea fundi huyo khofu mbele na kalamu mkononi, tusishangae akiandika yanayotupendeza badala ya yaliyo kweli. Kiongozi anayeipenda nchi yake hungoja kama abiria wengine, tena hungoja hadharani, ili watu wajifunze kwamba kungoja si unyonge.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Tunaishauri Mamlaka hiyo, na kampuni zote zinazotua katika visiwa vyetu, mambo manne. La kwanza, kila kipande cha nje kinachokosekana kipewe tarehe ya mwisho ya kurejeshwa siku ile ile kinapoandikwa, hata kama orodha ya kiwanda haikuitaja tarehe. Na tarehe ikipita, ndege isimame mpaka mkaguzi aridhike. La pili, wakaguzi wahesabu mapengo ya kila ndege na umri wa kila pengo, kwa kuwa mapengo matatu ya wiki moja na pengo moja la miezi sita yanaeleza habari mbili tofauti juu ya kampuni. La tatu, kipuri cha ndege kikifika bandarini au uwanjani, kisilale forodhani hata usiku mmoja kwa kukosa muhuri. La nne, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar iarifiwe mara moja kila kipande kinapogunduliwa kuwa kimedondoka, ili njia ya kurukia ikaguliwe kabla ya ndege inayofuata.

Kwa makampuni tunaongeza neno moja lisilogharimu kitu. Wafundisheni vijana wenu wa kiwanjani kujibu. Si lazima kijana awe mhandisi, inatosha aseme, "Ahsante mzee, ngoja nimwite rubani au fundi akueleze." Abiria akiona utepe wa fedha umebandikwa kwenye bawa, aelezwe kwamba ule si utepe wa kufungia karatasi, bali ni utepe wa alumini uliotengenezwa kwa kazi hiyo na kubandikwa kwa idhini ya vitabu. Akiona bati limebonyea, aelezwe kwamba limepimwa kina na upana wake na kulinganishwa na mipaka ya kitabu cha matengenezo. Na kama halikupimwa, basi suali lake limekuja kwa wakati wake.

Na nyinyi wananchi wenzetu, msiingie ndani ya ndege mkiwa mmefumba macho, wala msizue khofu mtaani kwa picha moja iliyopigwa kwa simu na kupelekwa kila pembe bila ya maelezo. Ukiona pengo, sema hapo hapo, kwa mhudumu au kwa rubani, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika. Ukijibiwa kwa hoja, pokea. Ukijibiwa kwa jeuri, andika jina la kampuni, tarehe na nambari ya safari, upeleke kwa Mamlaka.

Roho za abiria ni amana. Mwenye kupewa amana akatoa hesabu yake kwa maandishi, hata kama hesabu ina upungufu, huaminiwa. Mwenye kuificha haaminiwi, hata kama kilichopungua ni senti moja. Mzee yule wa kiwanjani hakutaka ndege isiyo na dosari. Yeye mwenyewe ametumikia majahazi yenye viraka umri wake wote. Alitaka kuonyeshwa kwamba kuna mtu aliyeliona pengo kabla yake, akaliandika, na akaiandika siku ya kuliziba.